Nyumba Ileile, Mwenye Zamu Mwingine: Siku Saba, Iringa hadi Dar es Salaam

Daftari langu lina madoa ya chai, na picha kwenye simu zimepita mia tatu, nyingine zimeungua kwa jua la mchana. Haya nimeyaunganisha nikiwa nyumbani Iringa, siku tisa baada ya kurudi. Nafundisha Historia sekondari. Miaka yote nimekuwa nikichora mshale ubaoni: Waomani, Wajerumani, Waingereza, Uhuru. Wanafunzi wanakariri, wanafaulu, wanasahau. Likizo hii nikasema niende nikaguse kuta zenyewe, nione kila zamu ilikaa wapi, na dini ilipewa chumba gani katika nyumba hiyo.

Siku ya 1. Alhamisi, 26 Juni 2025: Iringa – Mtera – Dodoma

Watu wengi wa kwetu wakienda Dar hushuka mlima Kitonga. Mimi nilipita Mtera makusudi. Serikali siku hizi iko Dodoma, na safari ya kufuata nyayo za madaraka niliona ianzie yalipo sasa. Nililipa nauli 15,000. Basi lilichelewa saa nzima tukisubiri magunia ya viazi yafungwe juu.

Mtera wauzaji walitujia madirishani na perege wa kukaanga kwenye mabeseni, 3,000 mmoja. Nilikuwa na noti ya elfu kumi tu na kijana hakuwa na chenji, gari linaanza kutembea. Baba mmoja wa kiti cha nyuma akamtupia kijana hela, akaniambia, "Kula dada, mimi pia nililipiwa mwezi uliopita." Kushuka Dodoma nikamtafuta nimrudishie, alishapotea kwenye umati wa stendi.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973. Serikali ilianza kuhama kwelikweli 2016, na Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Kati ya neno na nyumba imepita miaka hamsini. Jioni nilizunguka kidogo mjini. Kanisa Kuu la Anglikana lina kuba, mgeni akiliona kwa mbali atadhani ni msikiti. Msikiti wenyewe mkubwa, unaoitwa wa Gaddafi, ulijengwa kwa fedha za Libya ukazinduliwa 2010. Nikala wali maharage, nikalala mapema.

Siku ya 2. Ijumaa, 27 Juni: Dodoma – Dar es Salaam kwa SGR

Kwa anayetaka kupita njia hii: treni ya kawaida ya SGR, reli mpya ya umeme, Dodoma hadi Dar nililipa 31,000. Kata tiketi mapema, hasa ukisafiri Ijumaa au Jumapili. Beba kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi, na ufike stesheni saa moja kabla, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na mlango ukifungwa umefungwa. Upande wa Kilosa kuna mahandaki. Mtoto wa jirani yangu alikuwa akipiga kelele za furaha kila giza likiingia. Baada ya Morogoro nililala, sina la kusimulia.

Dar nikakuta gesti niliyowekesha Kariakoo, tena kwa malipo ya awali, imempa mtu mwingine chumba changu. Nilisimama kwenye ngazi na begi, jasho linanitoka. Mama mmoja anayeuza vitenge mlango wa pili alinitazama, akaniuliza natoka wapi, akampigia simu mdogo wake mwenye vyumba vya kupangisha mtaa wa nyuma. Chumba safi, feni inafanya kazi, 25,000. Akampa kijana wake anibebee begi, na kijana akakataa hela. Hapo ndipo nilipokaa siku zote.

Baada ya swala ya Isha nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa. Kikombe kidogo cha kahawa chungu, kashata pembeni. Nikamwamkia mzee aliyekaa kwenye benchi, kofia imemkaa vizuri.

"Marahaba mwanangu. Umetoka bara?"

"Iringa, mzee."

"Ahaa. Kwa Mkwawa." Akasogea nikae.

Nilipomweleza ninachokitafuta, hakuanza na Sultani. Alianza na Mzizima, kijiji cha pwani cha Washomvi, Waislamu, watu wa uvuvi, chumvi na biashara. Kwa simulizi za wazee wa Kizaramo, Washomvi walivamiwa na Wakamba wakaelemewa, wakaomba msaada kwa Pazi, mkubwa wa Wazaramo kutoka bara. Pazi akawafukuza wavamizi, na tangu hapo watu wa pwani wakawa wanampelekea ada kila mwaka, chumvi, nguo na vitu vya baharini. Mzee alisimulia kama jambo la juzi. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini mara mbili: mji wa Waislamu ulikuwa unalipa ada kwa mkubwa asiye Muislamu, ili ulale salama. Ubaoni kwangu pwani huwa inaanza na nguvu mikononi, na bara linasubiri kufikiwa. Simulizi hii inaligeuza jambo lote.

Siku ya 3. Jumamosi, 28 Juni: Sokoine Drive, Posta, Kivukoni

Hii ndiyo siku niliyotembea hadi viatu vikaachia soli. Ukitaka kuifanya, anza saa moja asubuhi kabla jua halijakomaa, beba maji, na usiipeleke kamera kwenye majengo ya serikali na ya ulinzi. Kwa Ikulu usijaribu kabisa. Tazama kwa macho, pita.

Nilianza Boma la Kale, karibu na bandari. Lilijengwa 1866 na 1867, wakati wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Baba yake, Seyyid Said, alipofariki 1856, milki iligawanyika: mwana mmoja akabaki na Omani, Majid akapata Zanzibar na pwani. Miaka kumi baadaye alitaka mji wake mwenyewe upande wa bara, kando ya bandari tulivu. Nikausogelea ukuta hadi pua ikakaribia kugusa. Mahali plasta ilipobanduka jiwe la matumbawe linaonekana, na ndani ya jiwe kuna vitundu vidogo vyenye umbo la nyota, makao ya wadudu wa baharini waliokufa kabla ya sultani yeyote. Mlango ni wa kuchongwa, wa mtindo wa Unguja, mbao yake imekuwa laini pale ambapo mikono imeusukuma miaka yote hiyo.

Majid alifariki 1870, mji haujakamilika. Mdogo wake, Barghash, hakuuendeleza. Majumba yakaota majani kwa karibu miaka ishirini, hadi kampuni ya Wajerumani ilipokuja kufungua kituo 1887. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa. Bagamoyo walilala wakiwa mji mkuu, wakaamka si mji mkuu. Nilikuwa nimetoka Dodoma jana yake tu.

Mbele kidogo, barabara hiyohiyo, ipo Nyumba ya Atiman. Hapa nilikaa kuliko nilivyopanga. Ni ya miaka ya 1860 pia, na inaelezwa ilikuwa ya wanawake wa nyumba ya Sultani. Miaka ya 1920 ikawa ya Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, ndio wakaipa jina la Adrian Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akaja Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Akatibu watu pale hadi alipofariki 1956. Nyumba iliyojengwa enzi ambayo utumwa ulikuwa halali leo ina jina la mtu aliyekuwa mtumwa. Mlinzi alinikuta nimesimama barazani kimya, akaniletea kiti cha plastiki bila kuniuliza chochote.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko hatua chache tu. Lilijengwa wakati wa Wajerumani na kukamilika 1902, mnara wake unatazama maji. Ndani kulikuwa na harusi mbili zinapokezana, nikaangalia vioo vya rangi nyuma ya altare nikatoka.

Chakula cha mchana nilikula Feri: ugali, changu wa kukaanga, kachumbari na ndimu, 6,000. Nikapumzika, kisha nikapanda hadi Sanamu ya Askari. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini, mwaka 1909, sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyezima vita vya Abushiri, vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Katika sanamu ile Wissmann yuko juu, na askari Mwafrika yuko chini ya miguu yake, anamwinulia macho. Waingereza walipouchukua mji 1916 wakaiondoa, na 1927 wakazindua hii tunayoiona: askari peke yake juu, bunduki yenye singe imeelekea bandarini. Maandishi yamewekwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kiarabu hazikufika pale kwa bahati. Wajerumani walitawala kwa kutumia maliwali na maakida, yaani maofisa wao wa miji na vijiji, wengi wao Waislamu wa pwani waliokwisha kujua kusoma na kuandika kabla ya shule za Kizungu. Mkoloni Mkristo alikuwa anategemea kalamu ya Muislamu hadi huko kwetu bara. Gavana Donald Cameron ndiye aliyeubadilisha mpango huo, kwa sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji: maakida wakaondolewa, wakatafutwa machifu. Makarani waliotakiwa tangu hapo walitoka shule za misheni.

Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa 1940 yakiwa na jina la Mfalme George V. Humo nilizitafuta sarafu za Kilwa, mji wa kale wa masultani wa pwani. Ni vipande vya shaba vidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Upande mmoja ni jina la sultani, upande mwingine maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Hapo dola na dini havijatengana hata kwa unene wa sarafu. Fikiria umeshika mfukoni, unanunua samaki.

Mwisho nikafika Ukumbi wa Karimjee, lilipokuwa likikutana Bunge la kwanza. Na hapa, kama Mhehe, moyo ulinidunda. Spika wa baraza la kutunga sheria hadi baada ya Uhuru alikuwa Abdulkarim Karimjee, wa familia ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi ambayo jina lake liko mlangoni. Mwaka 1962 kiti kikachukuliwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani. Mwaka uliofuata nguvu za kiserikali za machifu zikafutwa nchi nzima. Chifu wetu akabaki na kiti cha Bunge, uchifu wa kutawala umekwisha. Nilisimama nje nikitazama miti ya bustani hadi mlinzi akaniambia, "Mama, tunafunga."

Nikarudi kwa njia ya Kivukoni jua likizama. Ikulu naitazama kwa mbali: matao meupe, mtindo unaokumbusha majumba ya Waarabu. Gavana wa Kijerumani alijenga kwanza, manowari za Waingereza zikalibomoa kwa mizinga 1914, kisha Waingereza haohao wakajenga upya 1922 juu ya msingi uliobaki, na msanifu wao, John Sinclair, akachagua matao ya Kiarabu. Mkristo alitaka nyumba yake ifanane na ya sultani. Naelewa kwa nini. Watu wa pwani walishazoea kwamba anayekaa nyuma ya matao kama yale ndiye mwenye neno.

Siku ya 4. Jumapili, 29 Juni: Azania Front, kisha Kunduchi

Nilisali ibada ya asubuhi Azania Front, kanisa kuu la Kilutheri. Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeolewa kanisani. Kanisa hili lilianza kujengwa 1898. Nilikuwa naujua mwaka huo tangu zamani, lakini sikuwahi kuuweka kando ya mwaka mwingine ninaoujua zaidi: 19 Julai 1898, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Wajerumani walikata kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai fuvu lirudishwe, na likarudi Kalenga, karibu na Iringa, Juni 1954. Mawe ya kuta zilizonizunguka yalianza kupangwa mwaka uleule aliokufa Mkwawa. Kwaya iliimba vizuri sana, watu wakasimama, na mimi nilishindwa kusimama. Dada wa pembeni, aliyevaa kitenge cha umoja wa wanawake, akanishika mkono hadi wimbo ukaisha. Imani yangu sijaiacha pale. Ila nimetoka nikijua ilipanda meli gani kuja.

Mchana nikapanda daladala kuelekea Tegeta, nikashuka Mtongani, bodaboda 1,500 hadi magofu ya Kunduchi. Kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo, mimi nilitoa 2,000 nikapewa risiti. Vaa viatu vya kufunika, kuna miiba. Enda na maji yako.

Msikiti ni gofu, wataalamu wa mambo ya kale wanauweka karne ya 15 au ya 16. Makaburi mengi ni ya karne ya 18, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na baadhi yana nguzo ndefu. Kwenye nguzo hizo watu wa hapa walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina. Nyingi zimeng'olewa. Nililiinamia tundu moja: duara safi kabisa, chokaa imebaki na mdomo wa bakuli umeandikwa ndani yake kama alama ya meno, na kwenye ukingo kipande cha kaure kimebaki, kidogo kama punje ya mchele, bluu juu ya nyeupe. Nilipiga picha tisa za tundu lile. Utajiri wa wakubwa hawa ulionyeshwa kaburini, kwa bakuli, chini ya kivuli cha msikiti. Hawakuwa na mizinga. Wareno walikuwa wameishambulia Kilwa 1505, Waomani wakawatoa Wareno Mombasa 1698, na katikati ya misukosuko hiyo miji midogo kama huu iliendelea kusali na kuzika watu wake kwa heshima.

Mwangalizi alinionyesha kaburi ambalo bado kuna watu huja kuomba dua, akaniomba nisilipige picha. Sikupiga. Mkewe alikuwa anakaanga mihogo nje, akanipa sahani yenye pilipili na chachandu, akakasirika nilipotoa pochi.

Siku ya 5. Jumatatu, 30 Juni: Pugu

Daladala ya kwanza hadi Gongo la Mboto, ya pili hadi Pugu, jumla haikufika 2,000, lakini foleni ilikula saa mbili na nusu. Ondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi au usiende.

Pugu ina vilima, baada ya joto la Kariakoo nilihisi kama nimekaribia kwetu. Dereva wa bodaboda aliponisikia nikiongea na simu akageuka: "Kamwene!" Salamu ya Kihehe. Kijana wa Kilolo, mkoa wetu. Akanizungusha asubuhi nzima kwa hela ya mafuta tu.

Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni hapa 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, ilivamiwa ikachomwa moto, watawa watatu wakauawa, wengine wakatekwa wakakombolewa kwa fedha. Waliovamia hawakuona tofauti kati ya padri na kampuni iliyokuwa imechukua forodha na kushusha bendera ya Sultani, wote walikuja kwa jahazi moja machoni pao. Nafundisha vita vile kila mwaka kama vita vya biashara na ushuru. Nikiwa kileleni pale nikaona nimekuwa nikipunguza kitu.

Baadaye shule ya Mtakatifu Francis ikajengwa Pugu, na hapo ndipo Julius Nyerere alipofundisha, baada ya kurudi kutoka Edinburgh 1952. Alikuwa mwalimu wa Historia, kama mimi. Machi 1955 aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa ikambidi achague kati ya darasa na siasa. Akaacha kazi. Mshahara ukakatika, ana mke na watoto. Shule zenyewe zilitaifishwa baada ya sheria ya elimu ya 1969, na Pugu leo ni sekondari ya serikali. Kituo cha hija cha jimbo kuu kipo jirani, mahujaji wanakuja na mabasi. Kuingia shuleni unahitaji kibali, mimi nilitazama nikiwa getini tu, wanafunzi wakiwa likizo, na upepo unapita madirishani.

Siku ya 6. Jumanne, 1 Julai: Lumumba, Mnazi Mmoja, Kinondoni

Mtaa wa Lumumba zamani uliitwa New Street. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa Dar 1929, na Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kleist huyohuyo alishiriki kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya 1933. Siasa na dini zilikaa kwenye baraza moja Kariakoo, mitaa ambayo jina lake linatokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza. TANU, chama kilichodai uhuru, ikazaliwa hapo 7 Julai 1954, waasisi 17. Nyerere, Mkatoliki kutoka Butiama, akapokewa na Waislamu wa mjini: wakampa nyumba ya kufikia, magari, fedha, na dua. Bibi Titi Mohamed akawaita wanawake kupitia vikundi vya ngoma. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee, alikuwa akifungua mikutano ya Mnazi Mmoja kwa dua.

Halafu ikaja kura tatu ya 1958 na 1959: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na kuwe na masharti ya elimu, kipato au wadhifa. Takadir akauliza swali ambalo kwa takwimu za shule lilikuwa halali: ikiwa madaraka yataenda kwa waliosoma, na shule nyingi ni za misheni, Waislamu waliokibeba chama watabaki wapi? Akafukuzwa chamani. Walioondoka wakaunda AMNUT, chama cha Waislamu, ambacho hakikupata watu. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha Mnara wa Uhuru nikiyaandika haya, na ilinibidi niandike na hili: babu yangu alisoma shule ya misheni, ndiyo maana baba akapata ukarani, ndiyo maana mimi nina ubao na chaki. Swali la Takadir linanihusu.

Desemba 1968 jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, ilipigwa marufuku, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, ikaundwa kwenye mkutano uliofanyika Iringa, mji wangu. Sheikh Hassan bin Ameir, mwanazuoni mkubwa aliyeiunga mkono TANU tangu mapema, alirudishwa Zanzibar. Mwezi huohuo Kardinali Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, aliteuliwa kuwa askofu mkuu wa Dar es Salaam. Sioni mkono mmoja nyuma ya mambo haya mawili. Lakini mtu aliyekuwa Kariakoo mwezi ule, akisikiliza redio, aliyasikia pamoja, na nimekutana na watu wanaoyakumbuka pamoja.

Mzee wa kahawa ni mmoja wao. Nilirudi kijiweni mchana nikamuuliza. Alikizungusha kikombe muda mrefu. Akasema, "Tulinyamaza kwa sababu nchi ilikuwa changa, mwanangu. Mtoto mchanga hapigiwi kelele." Kisha akaita kahawa nyingine, akalipa yeye.

Kwa mwendokasi na bajaji nikafika Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA, kuuona msikiti wa Mfalme Mohammed VI wa Morocco, ahadi aliyoitoa alipozuru nchi 2016, ukafunguliwa 2022. Mwanamke mgeni unapokelewa vizuri ukiomba: beba mtandio mkubwa, vua viatu, usiingie saa ya swala. Dada mmoja alinipeleka upande wa wanawake. Vigae vya zeliji vimepangwa kimoja kimoja, kijani, bluu, nyeupe, na fundi ameacha kimoja chini kabisa, karibu na sakafu, kimepinda kidogo. Nilikigusa kwa kidole. Tripoli walijenga Dodoma, Rabat wakajenga hapa, kama Berlin walivyojenga Kivukoni.

Siku ya 7. Jumatano, 2 Julai: Dar – Morogoro – Iringa

Nilirudi kwa basi kutoka Mbezi, 28,000. Hadi Mikumi hakuna jipya. Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu. Kitonga lori lilikuwa limelala kwenye kona, tukakaa saa tatu, magari yamejipanga hadi chini bondeni. Maghribi ilipoingia baadhi ya abiria walishuka wakatandika kanga kando ya barabara. Dereva, msalaba unaning'inia kwenye kioo chake, akazima muziki bila kuombwa. Mama mmoja akapitisha mfuko wa maandazi siti hadi siti.

Jumla ya safari, nauli, malazi na chakula, 398,000. Nimefika nyumbani saa sita usiku, vitunguu vimejaza harufu begi zima. Nimeshaongea na wanafunzi kumi na wawili waliobaki mjini. Jumamosi tunaenda Kalenga kwa daladala, kila mmoja na daftari lake. Fuvu liko pale, ndani ya kioo.